Nilivyomtafsiria mama filamu ya mwaka 1955

Kila niliyemwambia nataka kumwonyesha mama The Night of the Hunter alinipa ushauri, na ushauri wote ulikuwa wa ovyo. Mpwa wangu alisema, "Anko, bibi atasinzia dakika ya kumi, picha yenyewe haina hata rangi." Fundi mmoja pale stendi akaniambia kuna programu inayopaka rangi filamu za zamani, nimwachie elfu kumi nirudi kesho. Kaka yangu ndiye alinikata maini kabisa: "Mtafutie ya Kinaijeria, usimtese."

Mama ana miaka 72, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Lakini niliiona filamu hiyo usiku mmoja nikiwa peke yangu Dar, na tangu anapotokea yule bibi mwenye bunduki sikumuwaza mtu mwingine ila mama. Nikasema nikienda Muheza naenda nayo.

Kwa ambaye hajaiona: ni Marekani, kando ya mto Ohio, miaka ya 1930, enzi za ule ukata mkubwa. Baba mmoja anaiba dola 10,000, anaua watu wawili, na kabla hajakamatwa anazificha hizo pesa na kuwaapisha wanawe wawili, John na Pearl, wasimwambie mtu. Gerezani anawekwa chumba kimoja na Harry Powell, mhubiri wa uongo ambaye kazi yake ni kuoa wajane na kuwaua. Baba ananyongwa. Powell anatoka, anavaa kofia yake, moja kwa moja kwa mjane. Pesa zimo ndani ya mdoli wa Pearl. Ukishalijua hilo, kila mtoto akimkumbatia mdoli wake roho inakuruka.

Jaribio la kwanza lilikuwa maandishi ya chini. Niliyapitisha kwenye mashine ya kutafsiri, nikajiona mjanja, sikuyasoma. Jumamosi jioni jirani wawili wamealikwa, chai imemiminwa, filamu imeanza. Baba wa watoto, Ben Harper, akatokea na jina la Ben Mpiga Kinubi. Tukacheka, tukaendelea. Pearl akawa Lulu, na hilo mama alilipenda, mpaka leo ni Lulu. Kisha mhubiri akaanza kuimba ule wimbo wake, tenzi ya zamani ya kuiegemea mikono ya milele ya Bwana. Kwa Kiingereza neno la mikono na neno la silaha ni lile lile. Mashine ikachagua. Chini ya uso wa Robert Mitchum, mwigizaji wa huyo Powell, yakapita maandishi meupe: KUEGEMEA SILAHA ZA MILELE.

Jirani mmoja aliuliza kama huyo ni mchungaji au ni mwanajeshi. Mama hakuuliza kitu, maana miwani aliiacha chumbani na maandishi hakuwa akiyaona tangu mwanzo. Alikuwa anatazama picha tu kwa adabu.

Jaribio la pili nikaamua niwe kama wale watafsiri wa kanda za kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani. Nimekulia humo, nawajua: mtu mmoja anasema sauti zote, anatukana adui, anakusimulia hata ambalo halijatokea. Nikakaa pembeni ya TV, nikafungua mdomo, sikuufunga. Dakika ya kumi na tano mama akasema:

"Nyamaza basi, baba, nisikie."

"Usikie nini, Mama? Si Kiingereza hicho?"

"Nisikie anavyosema."

Nilinuna, sikatai. Nikazima, nikaenda kulala. Huko kitandani ndiko nilielewa kwamba mama alikuwa amenishinda akili. Sauti ya Mitchum ni nzito na laini kama samli. Ndiyo inayowaingiza wale wajane mtegoni. Nikiifunika kwa kelele zangu, hofu yote inakwisha.

Nikanunua kaunta buku. Jioni tatu nilikaa na simu sikioni, nasimamisha, narudisha, naandika, lakini siandiki kila kitu. Niliandika yale tu ambayo bila kuyajua mama angepotea, na kila sentensi nikaipangia pa kuingia: mtu anapotembea, mlango unapofungwa, mto unapopita. Zikawa kama mia moja na themanini. Nyimbo sikuzigusa. Na sikukaa tena mbele. Nilikaa nyuma yake upande wa sikio zima, nikawa namnong'oneza kama mtu anayepiga umbea kanisani.

Kikwazo kikabaki kimoja: vidole. Mhubiri huyu ana chale za wino vidoleni, mkono wa kulia neno la upendo, wa kushoto neno la chuki, herufi nne nne, kila kidole na herufi yake. Kuna mahali anawakutanisha hiyo mikono wapigane mieleka mbele ya watu huku akihubiri kwamba wa kushoto ndio Kaini alimpigia nduguye. Huwezi kulinong'ona hilo, lazima lionekane. Nikahangaika. UPENDO ina herufi sita, haiingii mkononi hata ufanyeje. HUBA ni nne, tamu kweli, ila sikupata chuki ya herufi nne ya kuishindanisha nayo. Saa tano usiku likanijia: PENDO na CHUKI, tano kwa tano, ukihesabu na dole gumba! Niliruka kitandani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nikachukua kalamu ya wino mzito ya mpwa wangu, nikajiandika mikono yote miwili, wa kushoto kwa kulia na wa kulia kwa kushoto, kazi isiyo ndogo.

Wino ule haukuwa wa kutoka kwa sabuni. Wala kwa mafuta ya taa. Kesho yake nilikwenda dukani kununua unga, nikapokea chenji kwa mkono wa CHUKI, na yule binti wa dukani akaiweka juu ya kaunta badala ya kunipa mkononi.

Vingine ni vya kawaida. Khanga mbili dirishani, TV nikaitoa kwenye ule mpangilio wa rangi kali unaofanya weusi uwe kijivu, tukangoja giza liingie. Asikudanganye mtu, filamu ya namna hii mchana haionekani, nusu yake ni vivuli.

Mama hakusinzia. Mjane alipoonekana ndani ya gari chini ya mto, nywele zikicheza pamoja na magugu ya majini, alisema tu "Lulu wa watu" na kujifunika khanga kichwani. Sikumwambia kwamba yule alikuwa sanamu aliyetengenezwa kwa sura ya Shelley Winters, mwigizaji wa huyo mjane. Watoto wakatoroka kwa mashua, wakalala kwenye zizi, na alfajiri mhubiri akapita kwa mbali juu ya farasi, mweusi kwenye ukingo wa mbingu, anaimba. Nilikuwa nainama kunong'ona, mama akanitangulia:

"Hivi huyu halali?"

Nikaangalia kaunta buku kwa mwanga wa simu. Ndicho hasa nilichokiandika, ndicho anachosema John hapo. (Umbali ule nao ni hila: walimpandisha mtu mfupi juu ya farasi mdogo, ili paonekane mbali, kumbe ni ndani ya studio.)

Kisha bibi. Lillian Gish, nyota wa filamu zisizo na sauti, kakaa kwenye kiti cha kubembea na bunduki mapajani, watoto wa watu wamelala ndani, na nje uani Powell anaimba ile tenzi. Bibi badala ya kuogopa anaipokea, anaimba naye, ila yeye anamtaja Yesu. Mama aliiimba tenzi ile kwenye kwaya enzi za ujana wake, na nilikuwa sijui. Akaanza taratibu, kwa Kiswahili, sauti ya pili. Watatu wakaimba. Mimi nilikuwa na sentensi nne pale, nikalifunga buku.

Ilipokwisha aliuliza, "Huyo aliyeitengeneza ana nyingine?" Nikamwambia hana. Charles Laughton alikuwa mwigizaji Mwingereza, akaongoza hiyo moja, watu hawakuifuata kwenye kumbi, hakuongoza tena mpaka anakufa mwaka 1962. Mama akasonya, akasema watu wale walipewa ushauri na nani.

Gharama zote, tuseme elfu ishirini na kidogo, na bando nyingi humo ndani.

Jumapili alikuja mhubiri mgeni kanisani kwetu. Baada ya ibada akasimama mlangoni kutusalimia. Mama akampa mkono, akaushika wake kwa mikono yote miwili, akaugeuza polepole, akaangalia vidole kimoja kimoja hadi akaridhika. Mimi nilikuwa nyuma yake, wa kushoto mfukoni.