Nilivyopeleka pingamizi dhidi ya Rosatom nikiwa sina kura Ulaya

Sina pasipoti ya Ujerumani wala sipigi kura popote Ulaya, lakini jina langu limo katika zile pingamizi takribani 11,000 zilizofika wizara ya mazingira ya jimbo la Niedersachsen, Ujerumani, mwanzoni mwa 2024, za kupinga Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, lisishirikishwe kutengeneza fueli ya nyuklia katika kiwanda cha mji wa Lingen. Waswahili wenzangu wa huku wamenitaka nieleze ilivyokuwa, hasa wale wanaodhani habari za vikwazo ni za mawaziri na mabalozi tu.

Mimi ni muuguzi, naishi Münster. Zamu zangu nyingi nilikuwa na mama mmoja wa Kiukraine aliyekimbia Enerhodar, mji wa wafanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Zaporizhzhia. Kituo kina vinu sita, ndicho kikubwa kuliko vyote Ulaya. Jeshi la Urusi lilikiteka alfajiri ya 4 Machi 2022 kwa mapigano yaliyowasha moto jengo la mafunzo, na Oktoba mwaka huohuo Putin akasaini amri ya kukifanya mali ya Urusi. Uendeshaji ukapewa kampuni iliyoundwa na Rosatom. Juni 2023 bwawa la Kakhovka likabomolewa, na maji ambayo kituo kilikuwa kikiyategemea kupoza vinu yakaenda zake baharini. Wakati wa chai tulikuwa tunasoma habari kwenye simu yake: umeme wa nje umekatika tena, jenereta za dizeli zimewashwa. Ni yeye aliyenielewesha kwamba kinu kikizimwa bado kina joto lake. Fueli ya urani iliyo ndani yake lazima ipozwe, kupoza kunataka pampu, na pampu zinataka umeme.

Kilichonikera ni kingine. Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo kwa makaa ya mawe na mafuta ya Urusi, lakini Rosatom ikaachwa. Bunge la Ulaya lilitaka marufuku ya fueli ya nyuklia tangu Aprili 2022, ila vikwazo haviwekwi na Bunge. Vinataka kauli moja ya nchi zote 27, na Hungary, ambayo inajengewa vinu vipya na Rosatom huko Paks, imekuwa ikikataa. Nchi nyingine hazipigi kelele lakini zina vinu vya muundo wa Kirusi, na mtu mwenye kinu hagombani na anayemuuzia fueli.

Sasa Lingen. Mji huo hauko mbali na kwetu. Kituo chake cha nyuklia kilizimwa 15 Aprili 2023 pamoja na viwili vya mwisho vya Ujerumani, na watu wengi niliozungumza nao waliamini mambo ya nyuklia yameisha hapo. Hayakuisha. Kiwanda cha fueli mjini humo, mali ya kampuni ya Framatome ya Ufaransa, bado kinafanya kazi, na kiliomba kibali cha kutengeneza fueli yenye umbo la pembe sita kwa ajili ya vinu vya muundo wa Kirusi, kwa ushirikiano na TVEL, kampuni tanzu ya Rosatom. Hoja ya kiwanda ni kwamba hivyo nchi za Ulaya mashariki zitaacha kununua Urusi. Hoja hiyo nimeisoma mara nyingi na bado naiona ya ajabu: eti tunajitoa mikononi mwa Rosatom kwa kumkaribisha Rosatom nyumbani.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kumwandikia mtu kile ambacho yeye ana uwezo nacho. Rasimu zilizokuwa zikizunguka kati ya marafiki zilijaa hasira kuhusu vita, na hasira hiyo ilikuwa ya haki kabisa, lakini afisa wa wizara huko Hannover, mji mkuu wa jimbo, hana mamlaka ya kumwekea mtu vikwazo. Ana mamlaka ya kutoa kibali au kukinyima. Sheria ya nyuklia ya Ujerumani, kifungu cha 7, inataka pawe na ulinzi dhidi ya hujuma za watu wa nje, na wahusika wawe wa kuaminika. Basi barua yangu ikabana hapo. Shirika linaloendesha kituo kilichotekwa kwa silaha litaletaje mitambo na wataalamu ndani ya kiwanda cha urani cha Ujerumani, na nani atamkagua nani? Nikaongeza kwamba kampuni ya Kimarekani ya Westinghouse inatengeneza fueli ya aina hiyo Västerås, Sweden, bila Rosatom, kwa hiyo dharura inayodaiwa haipo. Ukurasa mmoja na nusu, Kijerumani changu cha wodini kikanyooshwa na jirani mstaafu.

La pili ni utaratibu, na Wajerumani hawana mchezo na utaratibu. Pingamizi iwe ya maandishi, jina na anwani visomeke, saini ya mkono, ifike ndani ya muda nyaraka zinapokuwa wazi kwa umma. Ukichelewa hata siku moja, imekula kwako. Uraia hauulizwi.

Hilo la uraia ndilo lililonipa kazi kubwa kwa watu wetu. Baada ya misa ya Kiswahili niliweka karatasi mezani, kila moja ikiwa na maandishi yote juu ya nafasi za saini, mtu asije akasema hakujua alichosaini. Kaka mmoja alinivuta pembeni: "Dada, unataka watunyime viza?" Sikumbishia. Nilimwonyesha tangazo lenyewe la wizara, akalisoma taratibu, akachukua nakala akamwonyeshe mkewe. Walisaini wote wawili. Wengine hawakusaini na sikuwafuata. Mtu mwenye kesi ya ukimbizi ana sababu zake za kutotaka jina lake lizunguke ofisini.

Kikao cha kusikiliza pingamizi kilifanyika Lingen Novemba 2024. Nilisimama dakika chache, nikauliza swali langu la ukaguzi, nikapewa jibu refu lisilo na kitu. Sikuumia. Swali limeandikwa kwenye kumbukumbu, na kibali kikitolewa, mwanasheria atakuwa na pa kuanzia.

Ugumu wa kweli ulikuja kutoka nyumbani. Kwetu ni Ruvuma. Januari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo mkuu wa Rosatom, Alexey Likhachev. Julai mwaka huohuo alikuwa Namtumbo pamoja na Rais Samia wakizindua mtambo wa majaribio wa urani wa Mto Mkuju, mradi ulio chini ya Uranium One, kampuni ya Rosatom. Baba mdogo akanipigia.

"Mwanangu, nasikia huko mnawapinga hawa wanaotuletea ajira?"

"Shikamoo baba. Ndio haohao."

"Marahaba. Sasa vijana wetu wakale wapi?"

Nilimweleza kuhusu Enerhodar. Akasikiliza kwa makini, kisha akasema Wazungu wamechimba Afrika miaka mingi na hakuna aliyewawekea vikwazo. Hapo sikuwa na jibu la kumtosha, na sidhani kama ninalo leo. Nilimwambia nisingependa urani ya Ruvuma imlipe mtu anayeshikilia kinu cha watu kwa bunduki. Akacheka, akaniambia niandike na hilo.

Nimeliandika. Mkazi yeyote wa Umoja wa Ulaya, raia au si raia, anaweza kupeleka ombi kwa Bunge la Ulaya, mradi liwe katika mojawapo ya lugha zake rasmi 24. La kwangu linaomba vikwazo dhidi ya Rosatom vihesabu pia kampuni zake za madini nje ya Urusi, na Mkuju imetajwa kwa jina. Jirani yangu anapitia Kijerumani chake wiki hii.