Kalenda mbili mezani Würzburg

Treni kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt hadi Würzburg, mji wa jimbo la Bavaria, Ujerumani, huchukua zaidi ya saa moja kidogo, na muda wote huo bahasha ya nyaraka ilikuwa mapajani mwangu. Barua ya mwaliko, kibali cha mwajiri, bima ya safari isiyopungua euro 30,000: ukishahangaikia viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, karatasi zake huziachii kwenye begi hivi hivi, hata kama uhamiaji umeshapita.

Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966. Shule yetu na ya wenyeji wangu wanafunzi wameshaandikiana sana, lakini walimu hatukuwahi kukaa pamoja. Nilitumwa kwenda kuupanga mkutano huo wa walimu, kabla mtoto yeyote hajapanda ndege.

Nilidhani tutaanza na mada. Tukaanza na kalenda.

Mwenyeji wangu, mwalimu wa kemia, alitandaza ya kwao kwenye meza ya chumba cha walimu, likizo zimepakwa rangi ya njano. Mimi nikaweka yetu pembeni. Kwetu mwaka wa masomo huanza Januari na likizo kubwa ni Juni na Desemba. Bavaria huanza katikati ya Septemba, na likizo yao ndefu huangukia Agosti. Juu ya hapo wana wiki mbili za Pasaka na nyingine mbili za Pentekoste. Ukiziweka kalenda hizo mbili sambamba, wao wakipumzika sisi tuna chaki mkononi.

"Basi Novemba, Mwalimu?" akauliza. "Tuna likizo fupi mwanzoni mwa mwezi."

Nikacheka. Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa. Hakuna mkuu wa shule atakayekubali kupokea wageni wakati huo, na akikubali, wazazi hawatamwelewa.

Tulibishana karibu mchana mzima. Wapo waliotaka tukutane kwa video, kwa kuwa ni rahisi. Nilikataa. Kwa video utamwonyesha mtu ratiba, ila hataona mwalimu wa fizikia anavyofundisha darasa lililojaa hadi mlangoni, na ratiba ya kubadilishana wanafunzi ikipangwa na mtu asiyeliona darasa hilo, itavunjika. Mwishowe tukaafikiana: Agosti, Mwanza. Wao watakuwa likizo, sisi tutakuwa kazini. Asubuhi wataingia madarasani na kukaa nyuma, mchana ndipo mkutano.

Mada nayo ilitupa kazi. Rasimu yao ilisema "utamaduni", yaani ngoma na vyakula. Sina ugomvi na ngoma, ila huhitaji kumleta mwalimu wa kemia kutoka Ujerumani aje kuangalia ngoma. Nikasema maji. Mto Main unakatiza mjini kwao, chini ya miteremko ya mizabibu, kisha unaingia Rhine. Sisi tuna Ziwa Viktoria, na magugu maji yake. Wanafunzi wa pande zote wachukue sampuli za maji wiki ileile, wapime vitu vilevile, kisha wabadilishane matokeo. Mwenyeji wangu alishika kalamu papo hapo: asidi, naitreti, joto. Tukarudi tena kwenye kalenda, tukakuta mwishoni mwa Septemba shule zote mbili ziko wazi.

Fedha tulizipitia haraka. Ujerumani kuna programu ya ENSA, chini ya Engagement Global, taasisi ya huko ya ushirikiano wa maendeleo, inayosaidia safari za shule za ubia. Maombi wataandika wao, bajeti tutaipitia pamoja. Nilisisitiza hilo "pamoja".

Jioni mwalimu wa historia alinipeleka kwenye kasri la Residenz. Mji ule uliteketezwa kwa mabomu tarehe 16 Machi 1945, lakini dari la ngazi kuu lilipona, pamoja na mchoro wa Tiepolo, mchoraji wa Italia, wa 1752 na 1753. Mabara manne yamezunguka kingo za dari, na Afrika ni mwanamke aliyeketi juu ya ngamia. Nilimtazama hadi shingo ikauma. Ngamia! Watoto wangu wa kando ya ziwa wangecheka kwelikweli. Mwenzangu akasema wanafunzi wao hupita chini ya picha ile kila mara bila kuuliza chochote, kwa hiyo tukaiingiza kwenye ajenda ya Agosti: kila upande uandae kipindi kimoja juu yake, tufundishane.

Wageni wanaokuja ni wanne. Viza wataomba mtandaoni, malazi tumeshayazungumza na familia za walimu. Sasa kazi iliyobaki ni kwa mwalimu wa taaluma, aniondolee vipindi vya mchana kwa wiki hiyo, naye ameshanijibu kwamba kidato cha tatu wako nyuma kwenye mada mbili.