Nilivyoilinda grinikadi yangu nikimuuguza mama Lamu

Mama alipougua nilijua mwaka ungekwisha kabla sijarudi Marekani. Ukikaa nje mwaka mmoja au zaidi, grinikadi, yaani kadi ya mkazi wa kudumu wa Marekani, haikuingizi tena, hata ikiwa tarehe iliyochapwa juu yake bado ina miaka minane mbele. Hapo ndipo ndugu zetu wengi hunaswa: huangalia tarehe ya kadi, wakasahau kuhesabu siku za safari.

Kinga yake ni kibali cha kurejea, kinachoombwa kwa fomu I-131. Lazima uwe Marekani siku unapoiwasilisha, na alama za vidole zitolewe hukohuko. Barua ya miadi huchukua wiki kadhaa, kwa hivyo usikate tiketi mapema. Mimi nilitoa alama kwanza, ndipo nikasafiri. Kwenye fomu nilikuwa nimeomba kibali kipelekwe ubalozi wa Marekani Nairobi, nikakifuata huko. Hudumu miaka 2 tangu kitolewe, si tangu utue uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, na hakiongezwi muda.

Hata ukiwa nacho, afisa wa mpakani anaweza kukuuliza kama makazi yako bado ni Marekani. Niliacha akaunti ya benki wazi, nikaendelea na mkataba wa nyumba, na kila mwaka nikapeleka ritani za kodi kama mkazi. Anayejaza ritani kama asiye mkazi ili apunguziwe kodi hujitengenezea ushahidi wa kumwangusha. Barua za daktari wa mama, zenye tarehe, nilizibeba mkononi, si kwenye begi la kupakiwa.

Ukiwekewa fomu I-407, tafadhali usitie sahihi kwa hofu. Ni ya kuiacha kadi kwa hiari. Unaweza kukataa na kuomba kesi yako isikizwe na jaji wa uhamiaji.

Lililoniuma ni uraia. Kibali hakiokoi ile miaka 5 ya kuishi Marekani mfululizo inayotakiwa kabla ya kuomba uraia. Mwaka mzima nje huikata, na baada ya kurudi unangoja miaka 4 na siku 1. Bora ungoje miaka 4 na miezi 6, maana kabla ya hapo bado utadaiwa maelezo ya kukaa nje zaidi ya miezi 6.

Aliyepitisha mwaka bila kibali bado ana mlango mmoja, viza ya SB-1. Huombwa ubalozini kwa fomu DS-117, na ni lazima uthibitishe kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako.