Jani lililoishia motoni

Jana jioni mtoto alilenga simu kwenye fungu la mnafu nililotoka nalo sokoni Kilombero. Akasoma kwa sauti: "Solanum. Mama, imeishia kwenye jenasi tu, spishi haijui. Tutakula?"

Nilicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana nilijikuta Kibosho, Kilimanjaro, jikoni kwa shangazi, Krismasi ya 2019.

Mwaka ule nilikuwa mgeni wa PlantNet, programu ya simu inayotambua mimea kwa picha, na niliwachosha watu. Kihamba kizima, shamba la nyumbani la Kichagga, nilikipiga picha. Mgrivea, mti wa Australia, ulitambuliwa bila kusita. Isale, mmea wa mpakani, nikaletewa Dracaena fragrans, pamoja na picha za mimea ya kwenye vyungu vya sebuleni. Jina sawa kabisa. Kwamba isale hupelekwa kuombea msamaha, simu haikujua.

Siku yenyewe shangazi alikuwa anachambua mnafu kwenye ungo, maji ya magadi yanachemka. Nikaokota jani moja, kubwa kuliko wenzake, kingo zina meno. Nikalipiga palepale penye moshi, kwa mwanga wa simu. Jibu la kwanza: Datura stramonium. Asilimia yake ilikuwa ndogo, lakini ndilo lililokaa juu ya orodha.

"Shangazi, hili ni mnanaha, lina sumu."

"Nani kasema?"

"Simu."

Alinyoosha mkono bila kuniangalia. Akalifikicha jani kwa vidole viwili, taratibu, mpaka ncha za vidole zikawa kijani. Akanusa. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, ya moshi nadhani. Akalifikicha tena, akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu, hata nikasikia kifuniko cha sufuria kinagonga. Halafu akalitupa katikati ya mafiga. Lilijikunja, likafuka, likaisha. Akavuta ungo mapajani, akaanza kuchambua upya, jani kwa jani. Hakusema kitu, nami sikuthubutu kuuliza.

Leo naona nilivyoharibu. Jani moja lililokwisha kuchumwa ni ushahidi dhaifu. Mmea upigwe picha ukiwa bado shambani, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, bila taa: picha ya jani, ya ua, ya tunda, kisha ya mmea mzima, zote za mmea uleule na zipelekwe pamoja. Kila picha ionyeshe kiungo kimoja, kijaze fremu, na programu iambiwe ni kiungo gani. Halafu chagua mimea ya eneo lako. Ukiiacha itafute kwenye mimea ya dunia nzima, magugu ya Ulaya yenye picha nyingi yanawaruka foleni wenyeji.

Ua lingemaliza ubishi. La mnafu ni nyota ndogo nyeupe yenye kitovu cha njano. La mnanaha ni tarumbeta ndefu, na tunda lake lina miiba. Mnafu wenyewe una ndugu: Solanum scabrum huiva zambarau nyeusi, Solanum villosum huiva rangi ya chungwa. Kabla ya maua, pua inaishinda kamera, kwa sababu mnanaha ukifikichwa hunuka vibaya. Lakini katika jiko lile lenye moshi, magadi na mbege, pua ya nani ingekuwa na hakika?

Ningekuwa na picha nzuri ningeipandisha iNaturalist, mtandao ambako watu hutambuliana mimea na wanyama, watambuzi wabishane mpaka zaidi ya theluthi mbili wakubaliane. Nilibaki na picha moja ya ukungu, na jani lilishakuwa majivu.

Mboga tuliila, na ugali. Hakuna aliyeumwa. Hiyo nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa jani lenyewe halikuingia sufuriani.

"Mama, tutakula au hatuli?"

Nikamwambia alete ungo.