Mpaka Juu ya Sahani ya Agari

Juzi binti wa kaka yangu, anayejiandaa na mtihani wa biolojia, aliniuliza, "Shangazi, bakteria wakikutana wanajuana?" Nilimjibu kwamba wanajuana, lakini mawazo yangu yalikwisha kurudi kwenye sahani moja ya agari, ile rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria, niliyoiona nikiwa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali.

Wodini walikuwapo wagonjwa watatu waliowekewa mipira ya mkojo, na sampuli za wote zilikuwa zimeotesha bakteria aitwaye Proteus mirabilis. Mwalimu wetu alitaka kujua kama ni kimelea kile kile kilichokuwa kikihamishwa kitanda hadi kitanda, au kila mgonjwa alikuwa na chake. Hatukuwa na mashine ya kusoma vinasaba, kwa hiyo alitumia kipimo kinachotokana na mambo aliyoyaeleza mtafiti wa bakteria Louis Dienes mwaka 1946: alidondosha sampuli tatu juu ya sahani moja, zikiachana kidogo, akaiacha usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37.

Asubuhi tulipoifunua, harufu kama ya samaki ilitangulia. Proteus hatulii alipopandwa. Seli zake hurefuka, huota flajela nyingi, yaani vijimkia vya kujisogezea, kisha hutambaa kwa makundi, na kila tone lilikuwa limetandaza pete juu ya pete. Niliizungusha sahani polepole chini ya taa. Bakteria wa kitanda cha kwanza na wa kitanda cha pili walikuwa wamekutana na kuchanganyika kabisa, hata nisiweze kuonyesha wa huyu wameishia wapi na wa yule wameanzia wapi. Lakini walipowafikia wale wa kitanda cha tatu, pande zote zilikuwa zimesimama, zikaacha katikati mfereji mwembamba ambao hakuna aliyeuvuka. Hapakuwa na ukuta pale, wala dawa, na agari ilikuwa ile ile pande zote mbili. Mwalimu alisema tu, "Hawa si ndugu," nami niliendelea kuutazama ule mfereji hadi nilipoitwa mara ya pili.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi mpaka ule unavyochorwa. Seli ya Proteus ina mtambo unaofyatuka kama mkuki na kuingiza sumu ndani ya seli inayogusana nayo. Ndugu huchomana vilevile, ila kila mmoja ana kinga ya sumu ya ukoo wake, na asiye na kinga hiyo hufa. Mwaka 2008 Karine Gibbs na wenzake, nchini Marekani, walionyesha pia kwamba bakteria hawa wana jeni za utambulisho. Mojawapo ya protini zinazotokana na jeni hizo hupitishwa kwa jirani kwa njia hiyo hiyo ya kugusana. Hiyo si sumu. Ni ujumbe wa kumtambulisha aliyeutuma, na jambo hilo bado linanistaajabisha kuliko vita yenyewe.

Mwalimu alipeleka majibu wodini siku ile ile, na usimamizi wa kunawa mikono ukakazwa. Muungano ule ulionivutia macho ndio uliokuwa habari mbaya, kwa kuwa huenda ni mikono yetu wahudumu iliyowakutanisha ndugu wale. Mfereji ndio uliokuwa nafuu. Sijui kama nimewahi kuyapatanisha mambo hayo mawili. Hata sasa nikiona makundi mawili ya Proteus yameungana, huyatazama kwa furaha, kisha huuliza vitanda vya wagonjwa hao viko umbali gani.