Kikombe cha saba

Mbeya leo baridi ya kusaga meno, mlima Loleza wote umemezwa na ukungu.

Nimekaa karibu na jiko la mkaa na daftari la mpwa wangu. Nilimwambia achore vikombe kumi kwa penseli, bila rula.

Nikaanza kusahihisha, kalamu nyekundu mkononi (sijui nilijiona nani). Mdomo wa kikombe ni duara lililobonyea, hauna ncha pembeni. Zungusha mkono kutoka begani, si vidole tu. Punguza kufuta.

Nikafika cha saba.

Karatasi imefutwa mpaka ikatoboka. Akaziba kwa nyuma na kipande kingine, gundi yake ugali, akachora upya juu ya kiraka.

"Mjomba, hicho usikiangalie."

Ncha bado zipo. Kalamu nikaifunika.

Mnaofundisha kuchora, mngemwambia nini?