Scania 113 ya mzee na mafaili niliyookota kila kona

Mzee wangu alikuwa dereva wa semi miaka mingi, mgongo ndo umemuachisha, sasa hivi tunakaa naye hapa Nkuhungu. Jioni moja nacheza Euro Truck Simulator 2, gemu la kompyuta la kuendesha malori, akaja akasimama nyuma yangu, akaangalia kama dakika tano bila kusema kitu, halafu akauliza "mbona usukani uko kushoto? Na Scania 113 haimo humo?" Nikamwambia baba subiri, ipo, nitakuwekea.

Nilidhani ni kazi ya usiku mmoja. Ilichukua karibu wiki mbili, na nyingi ya hizo siku sikuwa natafuta modi (mafaili ya nyongeza wanayotengeneza wachezaji, kama gari au sauti), nilikuwa natafuta modi ipi imeharibu nini.

Kwa ambaye hajazoea, hili gemu ni la SCS Software wa Czech, lilitoka 2012 na mpaka leo linapata apudeti, ndo maana watu wanalipenda. Lakini kila apudeti kubwa ikija modi nyingi zinakufa mpaka aliyezitengeneza azirekebishe. Kwa hiyo kabla hujachoma bando angalia kwanza modi ni ya toleo gani la gemu, usiangalie picha tu. Picha zote nzuri.

113 yenyewe nilianza kuipata Workshop ya Steam, yaani sehemu ya modi kwenye duka la magemu la Steam. Hiyo njia ni rahisi mno, unabonyeza kusabskraibu na Steam inashusha yenyewe, fundi aliyeitengeneza akiirekebisha na wewe unapata bila kufanya chochote. Shida ni kwamba haikai kwenye folda ya mod iliyoko Documents, inakaa ndani kabisa kwenye mafaili ya Steam, kwa hiyo ukifungua folda ya mod huioni na unaanza kudhani haijaingia. Mimi nilidhani hivyo. Nikaenda kwenye grupu moja la Telegram nikakuta 113 hiyo hiyo, nikaidaunlodi na yenyewe. Kumbe nimeweka mbili. Halafu sauti ya injini nikaitoa kwenye saiti nyingine kabisa, maana iliyokuja na gari haikunifurahisha.

Usukani ulikuwa shida ndogo zaidi. Magari ya gemu lenyewe ukinunua unaweza kuchagua kabini ya usukani kulia, ile ya Uingereza, ila magari ya modi mengi hayana hiyo, inabidi usome maelezo kabla. Hii ilikuwa nayo, nikashukuru Mungu.

Siku ya kwanza nimemkalisha mzee. Akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo, akatikisa kichwa. "Hii siyo sauti ya 113. Hili ni gari la juzi." Nikabisha kidogo, nikamwambia baba nimeweka sauti yenyewe kabisa, akasema mwanangu mimi nimelala ndani ya hiyo gari.

Na alikuwa sahihi. Kwenye meneja wa modi ndani ya gemu, upande wa kulia ndo zile zilizowashwa, na mpangilio wake una maana kubwa: modi mbili zikigusa faili moja, ya juu ndo inashinda. Mimi gari nimeliweka juu, sauti chini, kwa hiyo sauti yangu ilikuwa imewashwa vizuri kabisa na haisikiki. Nikaipandisha juu ya gari. Basi. Siku nne nilikuwa nahangaika na spika.

Wiki iliyofuata gemu likaanza kukrashi katikati ya kulodi. Hapa naomba msikilize vizuri maana ndo mahali watu wengi wanafuta kila kitu na kuanza upya. Ndani ya Documents, kwenye folda ya gemu, kuna faili linaitwa game.log.txt, lifungue na Notepad tu, tafuta neno ERROR, mara nyingi utaona njia ya faili lililogoma na utajua ni la gari gani. Langu lilikuwa linarudia rudia 113. Ile ya Telegram ilikuwa ya toleo la zamani, na ilikaa juu ya ile ya Workshop iliyokwisha rekebishwa. Nikaifuta, gemu likafunguka. Logi isipokusaidia, zima nusu ya modi, fungua, ukiona limepona basi mkosaji yuko kwenye ile nusu uliyozima, gawanya tena. Inachosha ila inafika. Na fanya hayo kwenye profaili mpya ya majaribio, usiguse ile yenye kampuni yako na pesa zako zote.

Tangu hapo nina daftari, la karatasi kabisa. Kila modi naandika jina, nimeitoa wapi, tarehe, toleo la gemu, na inakaa juu ya nani. Naweka moja, nafungua gemu, naendesha kidogo, ndo naweka nyingine. Ramani kama ProMods ni habari nyingine, inakuja vipande vipande vya 7z (mafaili yaliyobanwa kama zip), kipande kimoja kikiharibika haifunguki, inataka ramani za kulipia uwe nazo, na mpangilio wake wameshautoa wenyewe, usiuchezee.

Na jamani, modi za hili gemu ni .scs au .zip. Ukishusha kitu kinaishia na .exe usikifungue, hata kama aliyekutumia ni ndugu yako, maana na yeye katumiwa. Pia kuna watu wanachukua kazi za mafundi, wanafuta jina, wanapandisha upya kama zao. Hilo linaniuma sana. Ukiweza ifuate modi mpaka kwa mwenyewe, hata apudeti utaipata mapema.

Jana mzee kaendesha kutoka Dover mpaka London, kushoto kwake, usukani kulia, sauti yake. Kalalamika tu kwamba barabara nzima haina tuta hata moja. Sasa anataka tela lenye turubai kama lile alilokuwa anapakia mahindi Kibaigwa. Nimeliona sehemu mbili, la Workshop ni la toleo la nyuma, la pili fundi kalirekebisha mwezi huu. Bando la usiku likianza nalishusha, nalijaribu kwenye ile profaili ya majaribio kwanza.